Sweta la Hoza

Likizo ya Juni, Hoza alishuka na basi kutoka Lushoto,
sweta la kijani, kiwiko kimetobolewa na dawati,
akatukuta barazani, Barabara ya Kumi na Mbili,
tumejifunika khanga mpaka puani, tunasema: mwaka huu baridi!
Akacheka hadi furushi la viazi likamponyoka.
"Hii ndiyo baridi? Kwetu asubuhi ukiita jina la mtu
linatoka na moshi."

Mama alitupa elfu nne na onyo moja:
"Msinirudie kabla ya alasiri. Nina sare kumi na sita za kushona."

Siku ya kwanza maktaba, kwa kuwa ni bure.
Bi Mashavu, miwani shingoni kwa kamba ya kiatu,
alinusa viganja vyetu (machungwa ya Muheza)
akaturudisha bombani.
Nilichagua kitabu chenye mgongo wa gundi,
kisa cha mwanamke aliyemdai mfalme deni la chumvi.
Tulisoma kichwa kwa kichwa. Hoza alikuwa mwepesi,
akinisubiri ukingoni mwa kila ukurasa
kama mtu aliyetangulia kuvuka barabara.
Mwanamke akafika ikulu, akainua mkono abishe hodi,
basi.
Kurasa zimechanwa. Umebaki uzi,
na alama ya kidole chenye mafuta ya bagia.
"Nani anakula mwisho wa kitabu?" Hoza aliuliza kwa sauti,
na Bi Mashavu akagonga meza kwa muhuri.

Siku ya pili, makumbusho, kwenye boma la Mjerumani.
Watoto mia tano mia tano. Sakafu ya mbao inanung'unika.
Ukutani, picha: wanaume kumi na mmoja wamesimama kwenye reli mpya,
Mzungu mmoja amekaa kitini.
Maelezo yametaja jina la Mzungu, cheo chake,
na jina la mbwa wake.
Nilisoma mara mbili, nikidhani nimeruka mstari.
Mbwa anaitwa Waldi.
Hoza aliganda pale mpaka mlinzi akaja kuuliza kama anaumwa.
"Huyu wa nne," alisema, "ana sikio la babu."
Na kweli lilijikunja juu, kama la Hoza mwenyewe,
kama la nusu ya ukoo wetu tukijipanga matangani.
Labda. Masikio ni mengi duniani.

Siku ya tatu tukaenda kwenye bembea.
Gurudumu la chuma, limekuja na lori, rangi imebabuka,
linazungushwa na jenereta lenye pumu.
Tulipofika juu kabisa, likakata kauli.
Chini makelele. Fundi kaenda kula, aitwe.
Kiti kinayumba. Naliona paa la maktaba lenye kutu,
naliona boma, dogo kama kiberiti,
na upepo wa kusi unanipenya mbavuni.
Hoza akavua sweta, akanivika. Hakucheka.
Kisha, macho mbele, akasema:

"Mlango ulifunguliwa, ila mfalme hakuwepo.
Walikuwepo wanaume kumi na mmoja, wamesimama.
Akamwaga chumvi yake sakafuni, akawauliza majina,
mmoja mmoja, akayaandika kwa kidole."
"Na deni je?"
"Sijafika huko."
Jenereta likakohoa, tukaanza kushuka.

Jumatatu nilirudisha kitabu peke yangu.
Hoza alishapanda basi; sweta alilisahau,
au hakulisahau.
Nyuma ya jalada, karatasi ya daftari la hesabu,
mwandiko wake wa kulalia kushoto,
majina kumi na moja, yote ya kubuni
isipokuwa la nne.
Bi Mashavu aliikunjua, akavaa miwani,
akaisoma akiwa wima, midomo ikicheza.
Nikajiandaa kufokewa.
Akafungua droo, akatoa gundi.